Maswali ya Wasomaji: Kiranja wa Ujumuishi Hufanya Kazi Gani?

Barua tulizozipokea mwezi huu kutoka Arusha na Moshi zimekutana kwenye jambo moja bila waandishi wake kupatana: nafasi ya wanafunzi wenyewe katika kuhakikisha kwamba ndani ya shule binafsi hakuna mwenzao anayetengwa kwa sababu ya kabila, dini, rangi, ulemavu au mfuko wa mzazi wake. Tumezifupisha na kuyaondoa majina ya watu na ya shule. Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko nyingine, kwa kuwa ndiyo iliyobeba swali ambalo nyingine zinalizunguka.

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni msichana wa kidato cha tano katika shule binafsi hapa Arusha. Muhula huu mkuu wa shule ameniteua kuwa kiranja wa utofauti na ujumuishi, cheo ambacho hakikuwapo kabla. Binamu yangu anayesoma Marekani amenieleza kwamba shule za huko za aina yetu huwapeleka wanafunzi kwenye mkutano mkubwa wa mambo haya, nami nikafurahi sana. Lakini kazi pekee niliyopewa mpaka sasa ni kuandaa Siku ya Utamaduni: mavazi, ngoma na vyakula. Wenzangu wameanza kuniita Waziri wa Ngoma. Je, kiranja wa namna hii hufanya nini hasa? — Waziri wa Ngoma, Njiro

Marahaba, mwanangu. Nianze na huo mkutano wa Marekani, maana ukiuelewa vizuri utaona kwamba hujapungukiwa sana kama unavyodhani. Huandaliwa na NAIS, chama cha kitaifa cha shule za huko ambazo si za serikali, kila moja ikiwa na bodi yake na kujiendesha kwa ada na michango. Kwa kifupi huitwa SDLC, na hufanyika sambamba na mkutano mwingine wa watu wazima wa shule hizo, uitwao PoCC, uliokusudiwa hasa walimu na watumishi wasio Wazungu. Wanafunzi wanaohudhuria ni wa darasa la 9 hadi la 12, yaani rika lako. Hawaendi kusikiliza hotuba tu. Hukaa katika vikundi vidogo, na vijana wenzao waliopewa mafunzo hushiriki kuviongoza, na sehemu kubwa ya wanachojifunza ni ufundi wa kuendesha mazungumzo magumu: kuuliza bila kushutumu, kumwacha mwenzako amalize sentensi yake, kurudia ulichokisikia ili mwenye maneno athibitishe kwamba umemwelewa. Ufundi huo hauhitaji tiketi ya ndege. Mzee yeyote aliyewahi kusuluhisha ugomvi wa mpaka wa kihamba kule Marangu anaufahamu, ingawa hajawahi kuupa jina.

Mkutano wenyewe ni wa siku chache. Mwanafunzi akirudi shuleni kwake hukuta ratiba ni ile ile, meza za bwalo ni zile zile, na mwalimu aliyekuwa akilichanganya jina lake na la mwenzake bado analichanganya. Wamarekani waliliona hilo waziwazi mwaka 2020, baada ya George Floyd kuuawa Minneapolis tarehe 25 Mei. Wanafunzi na wahitimu weusi wa shule nyingi za aina hiyo walifungua kurasa za Instagram, nyingi zikianza kwa maneno "Black at" na kufuatiwa na jina la shule, wakaanza kuandika yaliyowapata. Waliyoyaandika hayakuhusu ngoma wala vyakula. Yalihusu nywele kushikwashikwa, kuulizwa kama wanasoma kwa msaada, na malalamiko yaliyofikishwa ofisini yasipate jibu. Hayo waliyasema nje kwa sababu ndani hapakuwa na mahali pa kuyapeleka yakafanyiwa kazi.

Kwa hiyo, swali lako nitalijibu kwa kukusimulia jambo nililoliona kwa macho yangu. Nilifundisha miaka kadhaa katika shule moja binafsi, ambayo sitaitaja, iliyokuwa na wanafunzi wanaolipiwa na wazazi wao pamoja na wengine waliosomeshwa na wafadhili wa nje. Kila Jumamosi ya kwanza na ya tatu ya mwezi, baada ya chakula cha mchana, majina ya wale wenye wafadhili yalisomwa mstarini, nao wakaenda darasa la mwisho kwenye veranda ya chini kuandika barua za shukrani, huku wengine wote wakikimbilia uwanjani. Karatasi zilikuwa za rangi ya krimu, zimechapwa nembo ya shule juu kulia, na mwalimu wa zamu alizigawa moja moja na kuzihesabu wakati wa kuzikusanya, kwa sababu ziliagizwa kwa bei kubwa na aliyeharibu yake alipaswa kueleza. Hakuna mtu aliyekusudia ubaya. Barua lazima ziandikwe, wafadhili walizitarajia, na Jumamosi mchana ndio muda uliokuwa wazi. Mimi mwenyewe nilishika zamu hiyo mara nyingi, nikakaa mbele ya darasa nikisahihisha madaftari, wala sikuona kitu.

Aliyeona ni msichana wa kidato cha tatu, kiranja wa mazingira, ambaye baba yake alimlipia ada yote. Alikuja ofisini kwangu na daftari la hesabu. Kwenye ukurasa mmoja alikuwa amepanga majina ya timu ya mpira wa pete na ya mpira wa miguu kwa mihula 3 iliyopita, na pembeni mwa kila jina ameacha nafasi ya alama ndogo ya kuonyesha nani ana mfadhili. Alama hazikuwapo kabisa. Akanieleza, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya ndoo zilizopungua, kwamba mwalimu wa michezo huchagua timu kwa kuangalia mahudhurio ya mazoezi ya Jumamosi. "Mwalimu, hawa hawajakosa mazoezi," akasema, "sisi ndio tumewakosesha."

Nimeyakumbuka maneno hayo kwa miaka mingi. Lakini linalokuhusu wewe zaidi ni alilolifanya baadaye. Hakuomba siku ya kuhutubia shule, wala hakuandika bango. Aliomba barua zihamishiwe kwenye kipindi cha Kiingereza, na kwamba siku hiyo darasa zima liandike barua: mwenye mfadhili amwandikie mfadhili, asiye naye amwandikie shangazi, rafiki au mhariri wa gazeti. Mwalimu wa Kiingereza alikubali siku hiyo hiyo, kwa kuwa uandishi wa barua umo kwenye muhtasari. Mkuu wa shule alichukua wiki 3, akihofia kwamba wafadhili wangepata barua chache. Hazikupungua. Majina hayakusomwa tena mstarini, na muhula uliofuata wawili kati ya wale waliokuwa wakikaa verandani waliingia timu ya mpira wa pete.

Hiyo ndiyo kazi ya kiranja wa ujumuishi, mwanangu. Katika shule yako kuna barua za krimu za namna fulani, nawe umeteuliwa uzitafute. Sijui ziko wapi, lakini naweza kukuambia mahali ambapo mara nyingi hujificha. Tazama orodha ya wanaodaiwa ada: inasomwa hadharani au inapelekwa kwa mzazi? Tazama safari ya Ngorongoro inayotozwa fedha za ziada, na uulize wale wasiokwenda hufanya nini siku hiyo, kwa maana kubaki bwenini ukifagia ni adhabu ya mtu asiye na kosa. Tazama siku ya wazazi kutembelea, pale ambapo watoto 10 hujazana kivulini na vikapu vya kuku na soda huku mmoja ambaye kwao ni Loliondo akijifanya ana kazi maktaba. Tazama daku wakati wa Ramadhani, nani huipika na saa ngapi, na kama Mwislamu hulazimika kula chapati baridi aliyoihifadhi tangu jioni. Yote hayo ni mpangilio, na mpangilio huwa na mwenyewe: mhasibu, mpishi mkuu, matroni au mwalimu wa taaluma. Mtafute huyo mmoja, umpelekee jambo moja, na uende na pendekezo mkononi. Ukienda na malalamiko 12 kwa mkuu wa shule atakushukuru kwa moyo wako wa kujituma, na shukrani hiyo itakuwa ndiyo mwisho wa habari.

Ukihitaji pa kuegemea, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema katika kifungu cha 11 kwamba mtoto anayeweza kuunda mawazo yake ana haki ya kuyatoa, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Na kifungu cha 5 kinakataza kumbagua mtoto. Sikushauri uingie ofisini ukizitaja namba za vifungu, maana watu wazima wengi hukunja uso mtoto anapowasomea sheria. Zijue tu, zitakusaidia kusimama wima.

Kuhusu Siku ya Utamaduni, usiikatae. Iandae, lakini ianzie nyuma. Kabla ya kuamua mavazi, waulize wanafunzi wa Kimaasai waliopo shuleni, kama wapo, kama wanapenda shuka zao zivaliwe na watu ambao wiki iliyopita walicheka matamshi yao. Na kama shuleni kwenu kuna mtoto ambaye mwaka mzima huamriwa avue bangili za shanga, kisha siku hiyo moja akaombwa azivae apigwe picha ya kipeperushi, basi jambo la kwanza la kulipeleka kwa mkuu wa shule umeshalipata. Hakikisha pia kwamba gharama ya vyakula haiwaendei wazazi. Mtori na loshoro vinaweza kupikwa na jiko la shule kwa fedha ya shule. Wakikuita Waziri wa Ngoma, itika. Mawaziri huwa na bajeti, nawe uiombe.

Ndugu Mwalimu, habari za kazi. Sisi ni wafugaji wa Longido, na kijana wetu amepata nafasi ya kusoma kwa ufadhili katika shule moja ya Moshi. Wenzake hawamwiti kwa jina lake. Humwita "Ole", na kila asubuhi humuuliza ng'ombe wamelala wapi. Akizungumza Kiswahili huigiza lafudhi yake. Nilipopiga simu, mwalimu alinijibu kwamba huo ni utani wa kawaida na kwamba serikali ya wanafunzi italishughulikia. Je, watoto wanaweza kulishughulikia jambo kama hili? — Mzazi, Longido

Mzazi mwenzangu, pole, na pole zaidi kwa jibu ulilopewa, kwa sababu limelitumia vibaya neno ambalo ni hazina yetu. Utani wa makabila ni mila yenye kanuni. Mchaga na Mpare hutupiana maneno makali hata msibani na hakuna anayekwazika, kwa sababu kila mmoja ana haki ya kurudisha, wote wanajua kwamba ni watani, na siku ya shida mtani ndiye wa kwanza kufika na jembe. Sasa tumtazame kijana wako: yuko peke yake bwenini kati ya wavulana 30 au zaidi, hakuna aliyemtambulisha kwamba hao ni watani zake, na akithubutu kurudisha atacheka peke yake. Mahali ambapo mmoja hupiga na mwingine hupigwa tu pana uonevu, hata kama wapigaji wanacheka. Kipimo hicho mweleze mwalimu, naye awaeleze wanafunzi: anayetaniwa anaweza kurudisha akachekewa vile vile?

Wanafunzi viongozi wanaweza kufanya mambo mawili hapa, na wanayaweza kuliko mwalimu. La kwanza ni kumwita kijana kwa jina lake, kwa sauti, mbele ya wengine, tena na tena, kaka mkuu akiwa wa kwanza. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini jina la kejeli hudumu kwa sababu viranja nao hulitumia. La pili ni kubadilisha anapokaa na anapolala, ili asiwe peke yake kati ya wale wanaoongoza mchezo huo. Hayo hayahitaji kikao. Lakini jukumu la kumwadhibu anayeendelea baada ya kuonywa ni la shule, na shule ikilitua mabegani mwa watoto wa miaka 17 itakuwa imekimbia kazi yake. Rudi kwa mwalimu, safari hii kwa barua, uombe ujibiwe kwa barua.

Nina neno moja la pembeni. Umetaja lafudhi ya Kiswahili. Zipo shule ambazo humvisha shingoni kibao cha mbao mwanafunzi aliyekutwa akizungumza lugha isiyo Kiingereza, naye hukaa nacho mpaka amkamate mwingine. Mtoto ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili na Kiingereza ya tatu atakivaa kibao hicho mara nyingi kuliko wote, na wenzake watajifunza kwamba kumcheka ni sehemu ya kanuni za shule. Kama kibao hicho kipo huko Moshi, anzeni nacho.

Mwalimu mwenzangu, salaam. Mimi ni mwalimu wa malezi hapa Moshi. Bodi yetu imesoma kuhusu shule za Marekani na inapendekeza tuanzishe vikundi vya wanafunzi kwa mujibu wa asili zao, kila kikundi kikutane chenyewe mara moja kwa mwezi. Nina wasiwasi, lakini sijui niueleze vipi bila kuonekana mpinzani wa ujumuishi. — Mwalimu wa Malezi, Moshi

Wasiwasi wako una mizizi, na mizizi hiyo iko hapa hapa kwetu. Chini ya Waingereza, Tanganyika ilikuwa na elimu ya mafungu 3: shule za watoto wa Kizungu, za Kiasia na za Kiafrika, kila fungu na bajeti yake, na la Waafrika likipata kidogo kuliko mengine kwa kila mtoto. Arusha School, iliyofunguliwa mwaka 1934, ilikuwa ya watoto wa Kizungu. Mfumo huo ulivunjwa kisheria mara baada ya uhuru, kuanzia Januari 1962. Baadaye Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikaziweka shule nyingi za madhehebu chini ya serikali, na kwa miaka mingi mtoto wa Rombo alipangiwa kidato cha tano Tabora na wa Kigoma akaletwa Kilimanjaro. Kwa hiyo mzee wa bodi akisikia kwamba watoto watatengwa kwa asili zao, hata kwa saa moja tu, atakumbuka kitu kilichovunjwa kwa taabu. Usimwone mshamba.

Hata hivyo, tuwatendee haki Wamarekani, kwa maana wazo lao lina sababu. Katika shule nyingi za binafsi za huko, mwanafunzi mweusi anaweza kuwa peke yake darasani, na mara nyingi huulizwa maswali kana kwamba anawasemea weusi wote duniani. Kikundi cha watu wa asili moja humpa mahali ambapo kwa saa moja hahitaji kueleza chochote. Huo ni upumzisho, na uchovu wa aina hiyo upo hata kwetu: muulize msichana pekee wa Kisomali kwenye darasa la watu 40, au mvulana pekee aliyetoka nchi nyingine.

Tena sisi tunavyo vikundi vya namna hiyo tangu zamani, ila havikujengwa juu ya damu. Kuna UKWATA kwa wanafunzi wa Kiprotestanti, TYCS kwa Wakatoliki, TAMSYA kwa Waislamu, na hakuna anayesema kwamba vinaigawa shule, kwa sababu mtu huingia kwa imani yake na kwa hiari yake, na vyote viko wazi mbele ya uongozi wa shule. Maoni yangu ni kwamba kikundi cha kabila shuleni hapa Kilimanjaro, ambako kabila moja lina watoto wengi kuliko mengine yote, kitawapa wengi jukwaa jingine na wachache ukumbi mtupu. Ndani ya Wachaga wenyewe, Mmachame, Mkibosho na Mrombo watataka kila mmoja na chake, nawe utajikuta unasimamia vikao vya ukoo.

Ninachokushauri uipelekee bodi ni hiki: kikundi kijengwe juu ya hali inayomsumbua mtu, na mwenye hali hiyo aingie mwenyewe kwa kupenda. Wanafunzi walioingia shuleni katikati ya mwaka. Wanaosoma kwa ufadhili, ikiwa wenyewe watapenda kujulikana. Wanaotumia vifaa vya kusikia. Wanaokaa bwenini wakati wa likizo kwa sababu kwao ni mbali. Hapo utakuta makabila na mataifa yamechanganyika bila mtu kuwachanganya, na bodi yako itakuwa imepata ilichokitafuta. Kilicho bora kuliko vyote katika utaratibu wa Marekani ni yale mafunzo wanayopewa vijana ya kuendesha mazungumzo. Hayo yachukueni yote.

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni Msabato na niko kidato cha pili, Usa River. Majaribio ya kila wiki hufanyika Jumamosi asubuhi. Nimeomba ruhusa nikaambiwa nikichagua kanisa nitapata sifuri. Kiranja wa dini anasema hawezi kunisaidia kwa sababu yeye si Msabato. — J., Usa River

Marahaba. Kiranja wa dini amekosea, kwa kuwa cheo chake ni cha dini zote zilizopo shuleni, na Katiba yetu katika ibara ya 19 inamhakikishia kila mtu uhuru wa dini bila kuuliza kama kiranja ni wa dhehebu lake. Lakini mwendee mwalimu wa taaluma, tena usiende peke yako kuomba upendeleo. Nenda na kiranja huyo huyo, na mwanafunzi mmoja Mwislamu, mkapendekeze majaribio yafanyike siku nyingine kwa shule nzima, kwa mfano Alhamisi jioni; msipendekeze Ijumaa saa saba mchana mkamhamishia mwenzenu mzigo. Sifuri kwa sababu ya ibada haina hoja ya taaluma ndani yake, na mwalimu wa taaluma akitulia atalikiri hilo.

Mwalimu, mdogo wangu ana ualbino na yuko kidato cha kwanza hapa Moshi. Shule imemkataza kofia pana kwa sababu si sehemu ya sare, na mstarini husimama juani dakika 40. Mimi ni kiranja katika shule hiyo hiyo. Nifanye nini? — Dada Mtu, Soweto, Moshi

Kesho asubuhi msimamishe kivulini, kisha ndipo mzungumze na ofisi. Ngozi yake haisubiri kikao. Ofisini mkumbushe mwalimu wa nidhamu kwamba Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ipo, na kwamba kofia pana ya rangi ya sare inaweza kushonwa na fundi yeyote wa Moshi mjini kwa kitambaa cha sketi ya shule. Muulizie pia mafuta ya kukinga jua: hospitali ya KCMC, hapo hapo Moshi, hutengeneza yaitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Darasani akae mbele, lakini mbali na dirisha lenye mwanga mkali, na walimu wasimhukumu mvivu anapolileta daftari karibu na uso. Na ukishamaliza la mdogo wako, uliza kwa nini mstari wa shule yenu huchukua dakika 40. Nadhani wengi watakushukuru.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kaka mkuu. Tangu tuanzishe kamati ya ujumuishi, wanafunzi huja kwangu kunieleza mambo yao. Wiki iliyopita mmoja aliniambia jambo zito linalomhusu mtu mzima wa shuleni, akaniapisha nisimwambie yeyote. Silali vizuri. — Kaka Mkuu, Arusha

Marahaba, kijana wangu. Kiapo hicho hukupaswa kukitoa, lakini hakuna aliyekufundisha kukikataa, kwa hiyo usijilaumu. Kamati ya wanafunzi inaweza kushughulikia meza za bwalo, majina ya kejeli na ratiba ya majaribio. Haiwezi kushughulikia mtu mzima anayemdhuru mtoto, wala haipaswi kujaribu kumchunguza, kumhoji au kumwonya, kwa kuwa kufanya hivyo kunaweza kumpa muda wa kuficha alichokifanya.

Rudi kwa mwenzako leo. Mwambie kwamba ulikosea kuapa, kwamba unamwamini, na kwamba mtakwenda pamoja kwa mtu mzima mmoja mtakayemchagua ninyi: mwalimu wa malezi, matroni, au mzazi wake kama mzazi ni salama. Akikataa kwenda, nenda wewe. Kama mhusika ni mkubwa kiasi kwamba hamna wa kumwamini ndani ya shule, pigeni 116, namba ya bure ya huduma ya simu kwa mtoto, au nendeni dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi. Andika tarehe na maneno aliyokuambia kama alivyoyasema, bila kuongeza lako, umkabidhi huyo mtu mzima. Na kuanzia sasa, mwanafunzi yeyote akianza kwa kusema "niapie", mjibu hivi kabla hajaendelea: "Nitakusikiliza, lakini kama umeumizwa nitamwambia mtu anayeweza kukusaidia, na wewe utakuwa wa kwanza kujua ni nani."